Mbiu za Kinga: Istilahi za Kuelezea Ukali wa Homa ya Uti wa Mgongo

Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi chache zinazohitajika ili mwananchi na mhudumu wa afya waweze kuelewana juu ya jambo moja gumu. Watu wawili huambukizwa bakteria wa aina moja, katika bweni moja, pengine katika juma moja. Mmoja huumwa siku kadhaa, hutibiwa, akapona. Mwingine huanza na homa asubuhi, na kabla ya jua la pili kuchwa amekwisha fariki. Jamaa zake huuliza sababu. Jibu la kitaalamu lipo, na limekuwa likiongezeka tangu miaka ya 1980, lakini ukijaribu kulitoa kwa Kiswahili utagundua kwamba maneno tuliyo nayo humpeleka msikilizaji upande usio wake.

Ili mjadala usielee hewani, tumemweka mbele ya macho yetu mhudumu wa zahanati aliye Kitai, Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Kitai ipo kwenye barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Lituhi kuelekea ufukwe wa Ziwa Nyasa, katika eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Nyasa. Pana wakulima, pana wasafiri, pana gereza. Wamatengo, Wangoni na Wanyasa hukutana katika nchi hii, na lugha wanayokutania ni Kiswahili. Bakteria tunayemzungumzia, meningokoki, huenea kwa mate na makamasi baina ya watu wakaao karibu karibu; kwa hiyo bweni la shule, kambi ya vibarua na chumba cha mahabusu ni mahali pa kuangaliwa kwa makini. Ni kweli kwamba Ruvuma ipo mbali na ule ukanda wa homa ya uti wa mgongo uliochorwa na tabibu Mfaransa Lapeyssonnie mwaka 1963, ambao sasa huhesabiwa kutoka Senegal hadi Ethiopia. Lakini Nairobi nayo haikuwamo katika ukanda ule, na mwaka 1989 ilipatwa na mlipuko uliokuwa na wagonjwa wapatao 3,800.

Jina la ugonjwa

Tuanze na jina lenyewe, homa ya uti wa mgongo. Jina hili limeshika nchi nzima, nasi hatuna nia ya kuling'oa. Hata hivyo hapana budi kasoro zake zijulikane.

Kwa mzungumzaji wa kawaida uti wa mgongo ni pingili za mifupa zinazoshika kiwiliwili. Asikiapo jina hilo hutafuta maumivu mgongoni. Ugonjwa wenyewe upo katika tando zinazofunika ubongo na shina la neva lipitalo ndani ya pingili hizo, na dalili zake ni homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukizwa na mwanga, na kuchanganyikiwa. Kwa mtoto mchanga shingo huenda isikakamae kabisa; utosi ndio unaotuna, na mtoto hukataa kunyonya. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo inayomwelekeza mama kwenye mgongo. Tena, kwa kuwa kipimo hufanywa kwa kuchota maji kwa sindano baina ya pingili za kiunoni, jina na sindano huungana akilini mwa watu, na wapo wanaoamini kwamba sindano hiyo ndiyo iletayo ulemavu au kifo.

Kasoro kubwa zaidi, na ndiyo inayotuhusu hapa, ni kwamba jina hilo halina nafasi kwa sura ya pili ya ugonjwa. Meningokoki anaweza kuzaana ndani ya damu kabla ya kuzifikia tando za ubongo, au asizifikie kabisa. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na shingo laini na akili timamu huku damu yake ikiwa imejaa bakteria. Ngozi yake hutokwa na madoa mekundu au ya zambarau ambayo hayafifii yakibonyezwa. Kwa mtu mweusi hayana budi kutafutwa kwenye viganja, nyayo, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Hii ndiyo sura iuayo kwa haraka kuliko zote, na ndiyo sura isiyo na jina la Kiswahili. Tunapendekeza, basi, istilahi mama iwe homa ya meningokoki, yenye matawi mawili: homa ya meningokoki ya tando na homa ya meningokoki ya damu. Mhudumu anayejua kwamba yapo matawi mawili hatamrudisha nyumbani mgonjwa mwenye madoa kwa sababu tu shingo yake inakunjika.

Kinga na sumu

Sasa tuingie katika chanzo cha ukali. Watu wengi hudhani kwamba bakteria huua kama panya alavyo nafaka, yaani kwa kula viungo mpaka viishe. Sivyo ilivyo kwa meningokoki. Ganda lake la nje lina kitu chenye asili ya mafuta na sukari kiitwacho endotoksini, naye hukimwaga kwa wingi ndani ya damu kama vipovu vidogo sana. Endotoksini yenyewe haichomi wala haitafuni. Kazi yake yote hutokana na kutambuliwa: seli nyeupe za damu zina vipokezi vilivyoumbwa kuitambua, na zikishaitambua huanza kutoa protini za kuzitahadharisha seli nyingine. Protini hizo ndizo zinazopandisha homa, zinazolegeza kuta za mishipa midogo ili askari wa mwili waweze kupenya, na zinazochochea damu kuganda ili adui asisambae. Kila moja ya kazi hizo ni njema ikifanyika mahali padogo. Zikifanyika mwili mzima kwa wakati mmoja, maji ya damu huvuja kutoka katika mishipa, shinikizo la damu hushuka, vidonge vya damu huziba njia za kwenda vidoleni na kwenye figo, na moyo hupoteza nguvu. Dawa ya kuua bakteria inaweza kuwa imekwisha fanya kazi yake na mgonjwa bado akafa.

Hapa ndipo neno kinga linapotusumbua. Tangu jina UKIMWI lilipoundwa katika miaka ya 1980, kila Mtanzania anajua kwamba kinga ni kitu chema na kwamba upungufu wake ni maafa. Mafunzo ya afya yakaongeza picha ya askari wa mwili. Kutokana na hayo, mtu akiambiwa kwamba mwanawe amefariki kwa sababu ya kazi ya kinga yake mwenyewe, hulisikia jambo hilo kama fumbo au kama kejeli. Kwa bahati lugha yetu ilikwisha tuwekea akiba. Kinga ni ngao, lakini kinga ni kijinga cha moto pia, na wazee husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wanasarufi watatuambia kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Na iwe hivyo. Mwalimu wa afya bado anaweza kuyatumia, maana kijinga kimoja huota mkono na vijinga vingi huunguza nyumba.

Kuhusu endotoksini, zimewahi kutajwa tafsiri kama sumu ya ndani au sumu ya bakteria. Twashauri zisitumike mbele ya wafiwa. Neno sumu, katika mazungumzo ya kijiji, lina mtu nyuma yake. Huuliza ni nani aliyeitia. Tumekwisha kuwa na maradhi ya kutosha yanayogombanisha majirani. Endotoksini libaki kama lilivyotoholewa, na maelezo yake yawe ganda la bakteria linalomwagika katika damu.

Jina la protini za tahadhari

Protini zile za tahadhari wataalamu huziita saitokini. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1974 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya chombo, yaani seli, na mwendo. Kundi kubwa miongoni mwao huitwa interlukini, maana yake zipitazo baina ya seli nyeupe. Historia ya jina hili la pili inafaa kujulikana na kila mtu anayeshughulikia istilahi. Katika miaka ya 1970 kila maabara iliita protini iliyoigundua kwa jina lake, kufuatana na kazi iliyoiona ikifanywa, mpaka protini moja ikawa na majina mengi. Mwaka 1979 wataalamu walikutana Ermatingen, Uswisi, wakakubaliana kuyafuta majina hayo na kutumia interlukini ya 1, interlukini ya 2, na kuendelea. Baadaye ikaonekana kwamba interlukini hutolewa pia na seli zisizo nyeupe, lakini jina halikubadilishwa. Wale wanaotucheka kwa ajili ya uti wa mgongo wakumbuke hilo.

Kisa kingine kinatugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 1975 watafiti wa New York waliipa jina protini moja iliyofisha uvimbe wa saratani katika panya. Jina hilo hufupishwa TNF. Wakati huo huo maabara nyingine ilikuwa ikichunguza sungura walioambukizwa vimelea wa jamii ya wale waletao nagana kwa ng'ombe wetu, ili kujua kwa nini mnyama mwenye vimelea wachache hukonda hadi kufa. Protini waliyoishuku waliiita kakektini, yaani iletayo kukonda. Mwaka 1985 ilibainika kwamba TNF na kakektini ni kitu kimoja, na mwaka huo huo ikaonyeshwa kwamba panya waliokingwa dhidi ya protini hiyo huweza kustahimili kiasi cha endotoksini ambacho kingewaua. Majina mawili yalikuwa yameficha kwamba kifo cha saratani, kukonda kwa nagana na kuanguka kwa mgonjwa wa bakteria ni habari za mjumbe mmoja.

Mjumbe, basi, ndilo neno? Tulilifikiria. Kijumbe limekwisha chukuliwa na mwenye kukusanya fedha za upatu, na kabla yake na mpeleka salamu za wapenzi. Tarishi hupeleka barua kwa mtu mmoja aliyeandikwa jina. Ishara ni neno pana mno. Saitokini haina anwani. Hutolewa, nayo hupokewa na kila seli iliyo jirani yenye masikio ya kuisikia. Katika maisha yetu kitu cha namna hiyo ni mbiu. Ipigwapo mbiu ya mgambo hatajwi mtu, na kila aisikiaye hujua kwamba liko jambo. Kwa hiyo tunapendekeza saitokini liwe neno la vitabu na maabara, na mbiu ya kinga liwe neno la zahanati, la redio na la darasani. Matumizi ya maneno mawili kwa dhana moja hayapendwi na wanaistilahi, nasi kwa kawaida tungeyapinga. Hapa tunayakubali kwa sababu wasikilizaji ni wa aina mbili.

Picha ya mbiu ina faida nyingine. Wakati wa UVIKO-19 magazeti yalianza kuandika juu ya dhoruba ya saitokini. Dhoruba hutoka nje, nayo haina mwenyewe. Mbiu hupigwa na watu wa kijiji, kwa nia njema, nao waweza kuipiga mapema au kuchelewa, pole au kwa nguvu, mtaa mmoja au kijiji kizima. Na hivyo ndivyo takwimu zinavyosema.

Huko Norwe, mwaka 1987, watafiti walipima TNF katika damu ya wagonjwa wa meningokoki. Waliikuta kwa wagonjwa 10 kati ya 11 waliofariki, na kwa 8 tu kati ya 68 waliopona. Wanorwe hao na wenzao waliendelea kuonyesha kwamba wagonjwa wa tawi la tando huwa na mbiu nyingi katika maji ya ubongo na chache katika damu, ilhali wale wa tawi la damu mambo yao ni kinyume. Kwa maneno mengine, mahali mbiu inapopigwa ni jambo zito sawa na nguvu zake.

Baada ya hapo mtu angetarajia kwamba mwenye mwili mwepesi wa kupiga mbiu ndiye aliye hatarini. Mwaka 1997 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichukua damu ya jamaa wa karibu wa wagonjwa wa meningokoki, wakaichokoza kwa endotoksini. Familia ambazo damu yao ilitoa TNF kidogo ndizo zilizokuwa na hatari ya kufiwa mara 10 zaidi. Na zile zilizotoa kwa wingi interlukini ya 10, ambayo ni mbiu ya kuwatawanya watu warudi majumbani, hatari yao ilikuwa mara 20. Habari hizi mbili zaonekana kupingana. Maelezo mojawapo ni kwamba mbiu hafifu mwanzoni huwapa bakteria muda wa kuzaana kimya kimya, kisha endotoksini ikishakuwa nyingi mno, mbiu hulia kila mahali kwa pamoja. Yatosha kwetu kuona kwamba semi kama kinga nyingi na kinga kidogo hazifai kueleza jambo hili. Muda na mahali ndivyo vitajwe.

Neno mshtuko

Ile hali ya shinikizo la damu kushuka hadi viungo vikakosa damu huitwa mshtuko katika mazungumzo ya wauguzi wengi. Katika Kiswahili cha kila siku mshtuko ni fadhaa ya ghafla. Mwuguzi akisema mtoto ameingia katika mshtuko, bibi yake atauliza ni nani aliyemtisha, au ameona nini. Swali hilo si la ujinga. Ni jibu sahihi kwa neno alilopewa. Twaona afadhali kusemwa damu imeporomoka, na katika maandishi mporomoko wa damu, ingawa twajua kuna watakaodhani ni kutokwa na damu. Neno lililo bora halijapatikana bado.

Ng'ambo ya ziwa

Ikiwa mbiu ndiyo iuayo, kwa nini isizimwe? Swali hili liliulizwa, na jibu la kufaa zaidi kwa watu wa Mbinga na Nyasa lilipatikana kwa jirani zao, Blantyre, Malawi, kusini ya ziwa. Deksamethasoni ni dawa ya kutuliza mbiu hizi. Mwaka 2002 utafiti uliofanywa Ulaya kwa watu wazima 301 wenye homa ya tando ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo pamoja na antibiotiki walifariki asilimia 7, na wasiopewa asilimia 15. Mwaka huo huo ulitangazwa utafiti wa Blantyre uliohusu watoto 602: asilimia 31 walifariki katika kila kundi, waliopewa na wasiopewa. Mwaka 2007 ukafuata wa watu wazima 465: asilimia 56 ya waliopewa walifariki, na asilimia 53 ya wasiopewa. Yafaa kuongeza kwamba wagonjwa wengi katika tafiti hizo walikuwa na bakteria wengine, hasa wale wa nimonia, na kwamba huko Ulaya nako nafuu ilionekana zaidi kwa hao kuliko kwa wa meningokoki.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Karibu wote katika kundi la watu wazima wa Blantyre walikuwa na virusi vya UKIMWI. Wengi walifika hospitali wakiwa wamekwisha zidiwa. Mbiu ikishalia siku nzima, kumnyang'anya mpigaji pembe hakurudishi kilichoungua.

Kuchelewa huko kuna sehemu yake ya lugha, nasi tungependa kusisitiza hilo kuliko yote yaliyotangulia. Mtoto mwenye homa kali anayetupa mikono na miguu, kwa Watanzania wengi, ana degedege. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 kuhusu malaria kali ulionyesha jinsi jina hilo lilivyobeba tiba yake pamoja nalo: lilimpeleka mtoto kwanza kwa mganga wa jadi. Malaria kali haifai kumsubiri mganga. Homa ya meningokoki ya damu nayo haisubiri. Hatusemi neno degedege lifutwe, kwani maneno hayafutwi kwa waraka. Twasema liongezewe maana, mtu alisikie na kufahamu kwamba ni dalili ya kumkimbiza mtoto zahanati saa hiyo hiyo.

Mhudumu wetu wa Kitai, akitumia istilahi hizi, angeweza kuwaambia jamaa hivi: "Mtoto ana homa ya meningokoki, ile ya damu. Mwili wake umemwona adui ukapiga mbiu, na mbiu imelia mwili mzima. Dawa hii inaua adui. Maji haya ya mshipani yanasaidia damu isiporomoke mpaka mbiu itulie. Inabidi aende hospitali sasa hivi, na ninyi mliolala naye chumba kimoja mtapewa dawa ya kuzuia." Hakuna neno hata moja hapo lisiloeleweka ila meningokoki, nalo ni jina tu.

Utaratibu uliozoeleka katika uundaji wa istilahi hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuomba kwa wageni. Hatujapata neno moja zuri kwa shingo kukakamaa kwa homa, wala kwa madoa yasiyofifia yakibonyezwa. Wasomaji wetu wa Mbinga na wa ufukweni, wazungumzaji wa Kimatengo, Kingoni na Kinyasa, wanaombwa watuandikie maneno wanayoyatumia majumbani kwa dalili hizo mbili, wakieleza kila neno hutumiwa kwa ugonjwa gani hasa, na kama mtoto aliyeitwa kwa neno hilo hupelekwa kwanza zahanati au kwingineko.